Ukuta wa tofali ukianza kusumbua: tafuta maji kwanza, plasta baadaye

Ukuta wa sebule yangu umepigwa plasta mara nne. Mara ya kwanza ni wakati wa ujenzi, hiyo haina neno. Mara ya pili rangi ilikuwa imevimba malengelenge chini ya dirisha, fundi akaja, akagonga kwa kitako cha mwiko, akatamka hukumu: "Bosi, hii ni chumvi ya mchanga. Tunabandua, tunapiga upya." Tukabandua, tukapiga upya. Masika yaliyofuata malengelenge yakarudi palepale. Mara ya tatu fundi mwingine akaongeza dawa ya kuzuia maji kwenye mchanganyiko, akaondoka na hela yake, na mvua zilipokolea ukuta ukaanza tena kutoa unga.

Aliyeuponya ukuta ule hakuugusa. Alikuwa mtu mzima, fundi wa siku nyingi. Aliingia ndani akatazama dakika moja, akatoka nje, akaomba jembe. Upande wa pili wa ukuta ule tulikuwa na bustani ya maua, tumeipandisha kwa udongo mwekundu mzuri wa kununua. Akachimba kuambatana na ukuta. Shubiri moja chini ukachomoza ukingo wa nailoni nyeusi, ile ambayo mafundi huiita DPM, inayotandazwa kati ya msingi na kozi (safu za tofali) za juu ili maji ya ardhini yasipande. "Umeona, mzee?" akasema, akiigusa kwa ncha ya jembe. "Nailoni iko huku, udongo wenu uko kule juu. Kila mkimwagilia maua mnamwagilia na sebule."

Tulitoa toroli kumi na moja za udongo. Tukauacha ukuta ukauke, ndipo tukapiga plasta ya nne.

Tangu siku ile fundi yeyote nampima kwa swali lake la kwanza. Anayeanza na "una mita ngapi za mraba?" anauza plasta. Anayeanza na "maji ya bati yanamwagikia wapi?" anatafuta ugonjwa. Matatizo mengi ya kuta za nyumba zetu, za bloku huku Pwani na za tofali za kuchoma Iringa, Mbeya na Njombe, ukiyafuatilia yanakufikisha kwenye maji: yamezidi, yamepita pasipotakiwa, au hayakutosha siku zile saruji ilipokuwa inayahitaji.

Kabla hujampigia mtu simu, tafuta penseli, kadi ya benki, msumari, kipande cha nailoni na gundi ya karatasi, na nati kubwa iliyofungwa kwenye uzi. Hiyo nati ndiyo timazi yako, ya kukuonyesha kama ukuta umesimama wima.

Rangi inavimba, ukuta unatoa unga mweupe

Unga ule ni chumvi. Maji yanapita ndani ya tofali, yanayeyusha chumvi iliyomo, yanafika usoni, yanakauka, chumvi inabaki. Kwa hiyo unga wenyewe hauna kesi. Cha kutafuta ni maji yanatoka wapi. Angalia alama iko kimo gani.

Ikianzia sakafuni na kupanda mpaka magotini au kiunoni, kama mstari uliochorwa, maji yanatoka ardhini. Toka nje uone kama udongo, kifusi, sakafu ya uani au kibaraza kilichoongezwa baadaye kimepita nailoni. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya nailoni kwa angalau sentimita 15. Nyumba nyingi zilijengwa sawasawa, kisha wenyewe tukaja kuziharibu kwa kumwaga paving na bustani miaka mitatu baadaye.

Alama ikiwa duara au kama wingu katikati ya ukuta, hasa ukuta unaopakana na bafu au jiko, shuku bomba. Funga mabomba yote ya nyumba, soma mita ya maji, kaa saa moja bila mtu kutumia chochote, isome tena. Namba ikiwa imesogea, mwite fundi bomba, mwashi atakuja baadaye. Bomba la maji taka halionekani kwenye mita. Hilo utalijua kwa harufu, au kwa kumwaga ndoo kadhaa bafuni na kutazama kama wingu linakua kesho yake.

Alama ikiwa juu, karibu na dari, panda uone bati, misumari ya bati na gata. Na ikiwa ukuta mzima wa upande mmoja unalowa siku za mvua ya upepo tu, maji yanapenya kwenye nyufa ndogo za plasta ya nje.

Ukishindwa kuamua, bandika kipande cha nailoni ukutani, gundi pande zote nne, kiache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa ndani wa nailoni, unaogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni hewa ya chumbani. Chumba hakipumui, nguo zinaanikwa ndani, kabati limegandamizwa ukutani. Fangasi wa nyuma ya kabati mara nyingi hutibiwa kwa kusogeza kabati sentimita kumi na kufungua dirisha.

Kuna chumvi moja ya kweli ya mchanga: ile inayojitokeza nyumba nzima, pande zote kwa wakati mmoja, miezi ya mwanzo baada ya ujenzi. Hiyo ipige brashi kavu, usiioshe, maana ukiiosha unairudisha ndani. Itapungua yenyewe. Ila kama mchanga ulichotwa ufukweni, tatizo lako ni kubwa kuliko unga, kwa sababu chumvi ya bahari inakula nondo za lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) na nguzo taratibu bila kelele.

Tiba inafuata mpangilio, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Kwanza ondoa maji: shusha udongo, weka gata, jenga aproni, sakafu ya zege inayozunguka nyumba, yenye mteremko kwenda nje. Pili bandua plasta iliyooza mpaka nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Tatu subiri. Ukuta wa inchi 6 uliolowa miaka miwili haukauki kwa wiki mbili. Wangu ulichukua kiangazi kizima. Plasta ni hatua ya mwisho. Anayekwambia abandike vigae au apake rangi ya mafuta ili "kufunga" unyevu anakudanganya, hata kama mwenyewe hajui. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda juu zaidi, na mwakani utayakuta juu ya vigae.

Kama nailoni haikuwekwa kabisa, kazi ni nzito. Ukuta hukatwa kwa vipande vifupi, chini ya mita moja kwa wakati, nailoni inaingizwa, panajazwa na kuachwa pakomae kabla ya kuhamia kipande kingine cha mbali. Usimpe kazi hiyo mtu ambaye hajawahi kuifanya.

Kuna ufa

Ufa una tabia mbili za kuuliza: una upana gani, na unakua au umelala. Vyote viwili unavipima mwenyewe.

Kadi ya benki ina unene unaokaribia milimita 1. Kadi isipopita, huo ni unywele, mara nyingi wa plasta iliyokauka haraka. Utauziba siku ya kupaka rangi. Penseli ina unene wa milimita 7 hivi. Ufa unaopitisha penseli nzima si wa fundi plasta tena, mtafute mhandisi. Kati ya hapo, chora kwa penseli mistari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, pima nafasi iliyopo, andika tarehe palepale ukutani. Weka na alama kwenye ncha ya ufa. Rudi baada ya mwezi, kisha baada ya masika, kisha mwisho wa kiangazi. Ufa uliolala unazibika. Ufa unaotembea ukiuziba unapasuka pembeni ya kiraka, na fundi atakwambia saruji ilikuwa mbovu.

Sasa mwelekeo. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango kwenda juu: angalia lenta. Lenta inatakiwa ikae juu ya ukuta angalau sentimita 15 kila upande wa uwazi, mimi hudai 20. Iliyokaa kwa sentimita 5 inaponda kona. Nyumba isiyokuwa na lenta inayozunguka yote ndiyo yenye nyufa nyingi zaidi, na ardhi ikitikisika ndiyo ya kwanza kuanguka. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, liliharibu maelfu ya nyumba, na kuta zisizofungwa kwa mkanda wa zege hazina cha kuzishika zikianza kuachana.

Ufa unaoshuka ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya tofali unasema msingi umesogea. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mwisho wa ukuta umeshuka, kona inazama. Ukiwa mpana chini, katikati ndiko kulikobonyea. Nenda ukatazame ardhi ya pale: shimo la maji taka lililochimbwa karibu, gata linalomwaga sehemu moja miaka yote, mti. Kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, ardhi inavimba ikilowa na kusinyaa ikikauka, na nyumba inapanda na kushuka nayo. Ufa wa udongo wa mbuga una majira: unafunguka kiangazi, unafumba masika. Kwa hiyo yule anayekuja kuuziba mwezi wa tano anaziba ufa uliofumba. Dawa ni kuufanya udongo usibadilike sana: aproni pana, maji ya mvua yapelekwe mbali, miti mikubwa ikae mbali na msingi. Mkungu na mfikusi ni miti ya kivuli kizuri, lakini ipandwe mbali.

Ufa wa wima ulionyooka kama rula mahali chumba kipya kilipoungwa na nyumba ya zamani: fundi hakuunga kwa meno, ameegemeza tu tofali mpya kwenye ukuta wa zamani. Msingi mpya utashuka kidogo, ule wa zamani umeshamaliza kushuka. Kama hauongezeki, unaweza kushonwa. Mtu anakata maungio ya mlalo, nusu mita kila upande wa ufa, kila baada ya kozi mbili, analaza nondo ya milimita 6, anajaza mchanganyiko. Au uache kama kiungo na ukijaze kwa silikoni inayonyumbulika. Mimi ningeuacha.

Ufa wa mlalo kwenye mstari wa lenta, ukiwa na doa la kahawia: nondo inapata kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inasukuma zege kutoka ndani. Kigamboni na Msasani, ambako upepo una chumvi, hili ni la kawaida kwenye lenta na nguzo ambazo nondo zake zilifunikwa na zege jembamba. Kuziba juu yake ni kupoteza hela. Zege lililokufa linabanduliwa mpaka nyuma ya nondo, chuma kinasuguliwa kikang'aa, kinapakwa kinga, ndipo panajazwa. Kama nondo imeliwa ikabaki kama kijiti, mhandisi.

Na dalili ambayo haionekani ukutani kabisa: mlango uliokuwa unafunga vizuri umeanza kukwaruza sakafu au kubana juu. Milango husema mapema.

Plasta inalia utupu

Pitisha sarafu ukutani ukigonga taratibu. Plasta iliyoshika inatoa sauti nzito, fupi. Iliyoachana na tofali inalia kama ngoma. Zungushia penseli sehemu zinazolia. Kipande cha ukubwa wa sahani kinaweza kukaa miaka, lakini kinachofikia ukubwa wa meza, tena juu ya kitanda cha mtoto, kibandue leo.

Sababu ya kawaida ni kwamba ukuta ulikuwa mkavu na wenye vumbi, fundi hakuulowanisha, tofali zikanyonya maji ya plasta kabla saruji haijashika. Nyingine ni unene. Plasta ya ndani inatosha milimita 12 hadi 15. Ukikuta kipande kilichoanguka kina unene wa vidole vitatu, ujue ukuta wenyewe umepinda na fundi aliunyoosha kwa plasta, mkupuo mmoja. Unene ule ulitakiwa upigwe kwa tabaka, lile la kwanza likwaruzwe na kuachwa likauke. Ya tatu ni kutomwagilia. Saruji haikauki kama matope, inakomaa kwa maji, na inayahitaji siku saba za mwanzo asubuhi na jioni, zaidi jua likiwa la Januari. Kumwagilia ndiyo kazi rahisi kuliko zote na ndiyo inayosahaulika, kwa sababu fundi keshalipwa na mwenye nyumba anadhani mambo yamekwisha.

Ya nne ni mchanga wenye tope. Jaza mchanga nusu ya chupa ya maji yenye uwazi, ongeza maji mpaka karibu ijae, weka chumvi kijiko, tikisa, iache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, tope juu yake kwa mstari unaoonekana. Tope likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mrudishie mwenye lori.

Bloku zinakwaruzika kwa msumari

Chukua msumari ukwaruze. Bloku nzuri inaacha mstari mweupe. Mbovu inaachia mchanga unaomiminika. Kabla ya kununua, dondosha moja kutoka kimo cha kiuno kwenye ardhi ngumu. Ikimeguka kona, sawa. Ikiwa rundo la mchanga, panda gari urudi nyumbani.

Hesabu ya kwa nini ni rahisi, na nashangaa wanunuzi hatuifanyi. Bloku ya inchi 6 ina ujazo wa lita 15 na ushei. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni lita 35 hivi. Mfyatuaji akijisifu kuwa anatoa bloku 50 kwa mfuko mmoja, ametengeneza zaidi ya lita 750 za ukuta kwa lita 35 za saruji: zaidi ya sehemu 21 kwa moja. Hiyo ni mchanga uliopakwa rangi ya saruji. Mimi nafyatulia nyumbani, mfuko kwa bloku 25, nazimwagilia wiki nzima chini ya turubai, na simruhusu mtu azijenge kabla ya wiki mbili. Ni ghali zaidi, ndiyo. Lakini kwa ukuta uliosimama bloku kama kumi tu zinatosha mita ya mraba, na tofauti ya bei kwa chumba kimoja haifiki gharama ya kupiga plasta mara tatu; hiyo nimeilipa, naijua.

Kama nyumba tayari imejengwa kwa bloku za namna hiyo, usiibomoe kwa hofu. Izuie isilowe, plasta ya nje iwe nzima, usining'inize tangi wala kabati zito ukutani, na usikubali mtu akuongezee ghorofa juu yake.

Tofali za kuchoma zinameng'enyuka

Hili ni la wenzetu wa nyanda za juu na Morogoro. Kwenye tanuri, tofali za katikati zinaiva, za pembeni na za juu zinabaki nusu mbichi, lakini lori linabeba zote. Gonga mbili pamoja: zilizoiva zinalia kama chuma, mbichi zinatoa sauti ya kuni. Rangi pekee inadanganya kwa sababu udongo wa kila mahali una rangi yake.

Tofali mbichi ukutani zinaliwa na mvua, hasa kozi tatu nne za chini ambako matone ya bati yanaruka kutoka ardhini. Tofali lililoliwa zaidi ya robo ya unene wake litolewe kwa patasi, moja moja, liwekwe lililoiva. Lowanisha tofali la kuchoma kabla ya kulijenga, maana linanyonya sana. Bloku ya saruji haihitaji kulowekwa, kuinyunyizia tu siku za joto kunatosha. Nimeona mafundi wakifanya kinyume kwa yote mawili. Kisha ongeza upenu wa paa au weka gata, la sivyo unabadilisha chakula cha mvua tu.

Uzio umeinama

Shusha uzi wenye nati kutoka juu ya uzio, pima umbali wa uzi na ukuta juu na chini. Uzio wa inchi 6 ulioinama sentimita 5 na zaidi, ondoa gari na watoto upande ule kwanza, maswali baadaye.

Uzio unaozuia udongo wa jirani aliye juu hausukumwi na udongo peke yake, maji ndiyo yanayousukuma. Unahitaji matundu ya kutolea maji chini, kila mita moja na nusu au mbili, nyuma yake kokoto ili yasizibe. Kuta nyingi za uzio za Goba na Mbezi, kwenye vilima vya Dar es Salaam, zimeanguka masika kwa kukosa bomba chache za plastiki. Uzio wa tambarare uliopasuka wima kila baada ya mita kadhaa unaomba viungo: acha nafasi ya kutanuka kila mita 6 hivi, penye nguzo.

Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa

Kama unaishi Mji Mkongwe wa Zanzibar au kwenye nyumba ya zamani ya Bagamoyo au Lamu, sahau nusu ya niliyosema. Kuta zile zinapumua. Unyevu unaingia na kutoka kupitia chokaa. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, jiwe na chokaa vinalainika nyuma ya gamba gumu, na siku gamba likianguka linaanguka na ukuta. Tafuta fundi wa chokaa, na usimwache mwenye mfuko wa saruji akushawishi kwa uimara.

Tatizo ni fundi mwenyewe

Dalili za mapema zipo. Amekuja kuangalia kazi bila timazi wala pimamaji. Anapima mchanga kwa chepe badala ya ndoo, kwa hiyo kila mchanganyiko una uwiano wake. Mchanganyiko wa kujengea uwe ndoo 1 ya saruji kwa 5 au 6 za mchanga, na msaidizi wake achanganye kidogo kidogo. Unaochanganywa asubuhi na kuongezewa maji saa nane mchana umeshakufa, saruji ilishika kwenye karai. Kiungo kati ya tofali kikizidi sentimita moja na nusu, anaficha tofali zilizopinda au haraka yake. Na kwa siku moja asipandishe zaidi ya kozi 6 za bloku, vinginevyo za chini zinabonyea kabla hazijashika.

Namna unavyolipa inaamua namna anavyojenga. Ukilipa kwa tofali, atakimbia. Ukilipa kwa siku, atatembea. Ukuta mpya mimi nalipa kwa tofali, lakini naweka kikomo cha kozi 6 kwa siku kwenye makubaliano. Ukarabati nalipa kwa hatua: kubandua na kutafuta chanzo, kukausha, kupiga. Hatua ya kwanza ilipwe vizuri, hata kama fundi amechimba tu akapata jibu. Watu tunagoma kulipia kuchimba, ndiyo maana mafundi wanatuuzia plasta.

Usiombe picha za simu, za mtandaoni zinafanana. Omba nyumba aliyoijenga iliyopitia masika mawili, na uzungumze na mwenye nyumba fundi asipokuwepo. Bora zaidi, mkute kwenye kazi ambayo haijapigwa plasta, kwa sababu plasta inasitiri mengi. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni kitu kizuri, na siku hizi hata waliojifunzia kazini wanaweza kupimwa na kurasimishiwa ujuzi wao, lakini wapo wazuri wasio nacho. Anayejitambulisha kama kampuni ya ukandarasi anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, na usajili huo unathibitishwa kwa bodi yenyewe, si kwa muhuri wa kwenye kadi yake.

Vifaa nunua mwenyewe. Andikeni nusu ukurasa: kazi gani, uwiano gani kwa ndoo, hatua na malipo, nani anamwagilia. Lipa kwa simu, maana ujumbe wa muamala ni risiti. Bakiza kiasi fulani, mkubaliane tangu mwanzo, kilipwe baada ya wiki mbili za kumwagilia, ukishapitisha sarafu ukutani mbele yake.

Akipotea katikati ya kazi, na hutokea, usikimbilie kumleta mwingine siku hiyohiyo. Piga picha kila ukuta ukiwa na rula au tofali la kupimia, hesabu tofali zilizojengwa na vifaa vilivyobaki, mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa aone na asaini. Funika juu ya ukuta kwa turubai, kwa sababu mvua ikiingia kwenye kozi ya juu iliyo wazi inashuka ndani. Kisha fundi mpya akija, usimwonyeshe palipobaki. Mwache azunguke mwenyewe, umsikilize atauliza nini.